Lenzi Ilipopata Ukungu Kabale

Mjukuu wangu Zaitun,

Salamu kutoka Mbuya. Sisi wazima. Mama yako amehamishia duka lake Luzira, na bibi yako bado anabishana na redio kila asubuhi.

Umeuliza kwa nini kamera yako hupata ukungu ukitoka kwenye theluji na kuingia ndani. Ujanani, nilipokuwa mpiga picha, yalinikuta hayohayo Kabale. Asubuhi nilipiga picha za harusi nje, baridi ya milimani ikiniuma vidole. Kule mgeni haachwi mlangoni. Wakanivuta mpaka karibu na moto, kamera shingoni, na mara lenzi ikawa nyeupe. Nikaifuta, ikarudi vilevile, maana mvuke wa hewa ya joto hutua kwenye kioo baridi. Na palepale bibi harusi alikuwa anaagana na mama yake!

Wewe ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, kisha ndani uiache humo mpaka ipate joto polepole. Betri za akiba ziweke kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza haraka.

Mimi sikuyajua hayo. Nikabaki kusubiri, natazama kwa macho matupu. Ndipo nikamwona mdogo wake bibi harusi, anagawa uji wa mtama huku ananicheka waziwazi. Mama yao hakunisamehe kuikosa ile picha ya kuagana mpaka nilipokuwa mkwe wake.

Bibi yako anasoma haya akichungulia begani kwangu, anasema hakucheka hata kidogo. Nami sina picha ya kumsuta.

Babu yako