Bendera ya Wasichana wa Kushona

Ntoto, tarehe 9 Novemba 1964

Mama wangu mupendwa,

Nakusalimia sana, wewe na wote wa Bihambwe. Mugongo wako unaendelea namna gani? Maharagi ya upande wa juu yalipona na mvua hii? Mimi niko muzima. Marcellin anayekusomea barua hii arudilie neno hilo mara mbili mbele ya kuendelea, juu najua habari za huku zinatembeaka mbio kuliko barua, na zinaongezwaka njiani.

Unajua kama kila siku ya tatu ya juma, kisha masomo, wavulana wanaendaka kwa mupira na korali, na mimi nabakia na wasichana wangu wa kushona. Mwezi uliopita Direktere wetu, Papa Honoré Sebarenzi, alituomba tushone bendera mupya kwa feti, sikukuu ya shule. Tuliifuata picha ya kitabu cha darasa: nyota kubwa katikati, nyota ndogo pembeni. Hakuna muntu huku porini aliyetuambia kama serikali ilikwisha kuibadilisha.

Siku ya feti, korali ilikuwa inaimba wakati waaskari walitokea kwa njia ya mutoni. Liutena wao alitazama bendera yetu juu ya mulingoti, akanyamazisha watoto. Akasema hiyo ya zamani sasa iko bendera ya waasi. Papa Honoré alipojaribu kueleza, alipigwa kofi, kofia yake ikaanguka, wakamufunga mikono nyuma. Wazazi wote walitazama chini.

Mama, ni Emérita, mumoja wa wasichana wangu wa kushona, aliyetoka mustarini. Mutoto wa mwaka wa sita wa masomo, mwembamba sawa fito. Akasema: “Liutena, nyota njo mimi nilizishona. Direktere hajui hata kutia uzi kwa sindano.”

Liutena akamugeukia. Nilitembea mpaka karibu na mutoto. Nikamuambia Liutena kama hatukuona ile mupya hata siku moja. Atuchoree, nasi tutaishona leo hii.

Alichukua chaki, akachora kwenye mulango wa darasa. Alipofika kwa mustari mwekundu, akasimama. Hakujua kama unashuka ao unapanda. Akamuita kaporali wake, wakanong’onezana, wakafuta, wakachora tena. Hakuna aliyecheka. Hata kukohoa tuliogopa. Kisha akasema kama jua likiingia bila bendera, Direktere atakwenda nao porini. Mama, wanaokwenda nao hivyo, hatujaona mumoja aliyerudi.

Bluu tulikuwa nayo, na njano tuliitoa kwa zile nyota. Nyekundu ilikosekana. Wavulana wa korali walikimbia nyumba kwa nyumba, wakaleta kitambaa cha kichwa kilichochujuka. Liutena akakitupa. Papa Honoré alikuwa amekaa chini kwa udongo, midomo yake inasali.

Njo nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku langu.

Hapa Marcellin apunguze sauti. Kile kitambaa chekundu wazazi wa Benoît walileta siku ya kuniomba, kile ulichokunja wewe mwenyewe na kunikataza kukigusa mpaka arusi, nilikikata. Tulishona sote, askari mulangoni, Emérita akijichoma vidole bila kulalamika. Jua lilikuwa limefika juu ya miti wakati bendera ilipopanda. Liutena aliitazama muda murefu, akapiga saluti, akaamuru Papa Honoré afunguliwe. Waliondoka na mbuzi wa shule.

Kisha wasichana walilia juu ya kitambaa changu. Mimi nilitafuta machozi, nikakosa. Makasi ilipokuwa inapita, nilisikia kifua kinafunguka, sawa muntu anayetua muzigo wa muhogo mulimani. Mama, sitaki kuolewa na Benoît. Hakuna mwanaume mwingine, na yeye hakunikosea kitu. Nilisema ndiyo kwa kuwa ninyi wote mulifurahi sana.

Nakuomba murudishe ng’ombe yao kwa heshima. Kipande kilichobakia nimekifunga na barua hii, muwapatie pia. Kama wakiuliza kile kingine, muwaambie kiko juu ya mulingoti wa serikali Ntoto. Mwenye kuthubutu aje akishushe.

Unisalimie Marcellin, dada Céline na wajukuu wako. Ukiwa na hasira, unitumie hasira hiyo kwa barua, lakini usininyamazie.

Ni mimi binti yako,
Dorothée Mukandori