Jina la Baba Mkwe Lianzie Upande Gani

Kaire, kwa mchonga mawe,
Katikati ya Mei

Mpendwa dada Trebia,

Ramta amekula herufi sasa hivi. Kaimeza yote, kisha kalamba meza. Lakini salamu kwanza, usije ukasema nimepoteza adabu: hujambo huko Masilia? Shemeji je? Goti la mama mkwe wako limepata nafuu? Sisi tu wazima, na Ramta ana miaka miwili na meno ya kutosha kubomoa nyumba.

Baba mkwe wangu, mzee Larth, anataka jiwe la kaburi lake lichongwe angali hai, alikague mwenyewe. Jina liandikwe kwa herufi za wazee wake Waetruski, kutoka kulia kwenda kushoto. Mume wangu Aulo, ambaye ndiye mchongaji, hataki. Anasema siku hizi mji mzima unasoma Kilatini, kutoka kushoto, na mpita njia asiyeweza kulitamka jina la marehemu atalipita kama jiwe la kusagia.

Wamevutana mwezi mzima. Mzee anasema herufi ni zao, sisi Walatini tulizigeuza tu, kama mtu aliyevaa kanzu nje ndani. Aulo akamkumbusha kwamba na wao walizitoa kwa Wagiriki. Mzee akajibu kuwa wao waliazima tu, hawakugeuza kitu. O yetu haitaki hata kuiona, eti si herufi, ni mtu anapiga miayo. Na G kwake ni C iliyoota ndevu.

Leo wakakubaliana mtoto aamue. Si unajua vile vileja vya herufi tunavyowaokea watoto wapende kusoma? Nikaoka jina la mzee, vileja vinne, maana kwao th ni herufi moja, nikavipanga mezani. Atakapoanzia Ramta, ndipo jina litakapoanzia.

Akaenda kulia moja kwa moja. Kumbe mzee kakaa upande huo, na tini kavu kiganjani.

"Baba, huo ni wizi," Aulo akasema.

"Mimi ni babu yake. Tangu lini babu kushika tini ikawa wizi?"

Tulicheka mpaka Ramta akatema makombo. Halafu mzee akavitazama vileja vilivyobaki, akauliza polepole, "Nikifa, nani humu ndani atanisoma?"

Kuchonga kwa kufuatisha Aulo anaweza, kusoma herufi za babu zake hakujifunza. Nikasikia mdomo wangu unasema nitasoma mimi. Mimi, dada, niliyemkimbia mwalimu kabla hajanimaliza! Mzee akanifundisha hapo hapo kwa vileja, huku nikimzuia Ramta kwa mkono wa pili. Ile iliyoliwa ikabidi aichore kwa asali. Ya tatu ndiyo iliyonisumbua: ni R yao, lakini mimi kila mara naiona P iliyogeuka.

Sasa wako uani. Aulo analipaka jina rangi nyekundu kwenye jiwe kabla ya kulichonga, mzee anamsahihisha kila mkunjo, na wala hawagombani. Natamani nisimwangushe. Nikilisoma sawa, atalala usingizi.

Nisalimie shemeji, na jirani yako Fusina, na wale mapacha wako wasiooga. Miungu wa mlango wako wasisinzie kamwe.

Mdogo wako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Numisia

Nilikuwa nakunja, mzee ananiita: "Mama Ramta, rangi imekauka. Njoo unisome ningali nasikia." Dada, vidole vinanata asali, niombee, maana ile herufi ya tatu