Saa Ishirini na Tisa

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Siku ya tano bila choo. Tumbo limekaza. Daktari wa zahanati amenipa wiki mbili. Nisipobadilika, Kisumu, nikaingizwe mrija wa kuchungulia utumbo. Sitaki. Amenifundisha kipimo cha nyumbani: meza punje za mahindi ya kuchemsha bila kutafuna, andika saa, ngoja zitoke. Siku moja hadi mbili, sawa. Zikipita tatu, utumbo umelala.

Jumanne, 6 Agosti
Kijiko kimoja cha punje, saa moja jioni.

Jumatano, 7 Agosti
Natumia ndoo. Choo cha shimo hakionyeshi kitu. Saa mbili asubuhi, punje hizi hapa. Saa kumi na tatu tu. Nikamtangazia mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini.
“Baba Khayesi, hiyo mahindi ni ya wiki jana. Si tunakulanga kila siku? We mwandishi, huulizangi habari imetoka wapi?”
Kweli. Miaka ishirini na sita kazini, nimeshindwa kuhakikisha chanzo. Aibu.
Kuanzia leo mahindi ya punje marufuku, mpaka za zamani ziishe tumboni. Ugali ruhusa.

Ijumaa, 9 Agosti
Soko la Lubao, habari za bei ya ng'ombe. Msimu wa mahindi mabichi. Kila hatua jiko, kila mkono gunzi. Nimekula ndizi. Nimenuna.

Jumamosi, 10 Agosti
Ndoo haina punje hata moja. Nimemeza upya, saa moja asubuhi.

Jumatatu, 12 Agosti
Hakuna.

Jumanne, 13 Agosti
Zimetoka saa nne asubuhi. Saa sabini na tano. Naogopa. Nimeandika, basi.
Mke wangu amechukua usukani. Mrenda, ile mboga ya kuteleza, mchana na jioni. Papai asubuhi. Maji, vikombe vinane. Ofisini kwa miguu.

Alhamisi, 15 Agosti
Choo jana, choo leo. Mrenda umenichosha. Nakula.

Jumamosi, 17 Agosti
Kijiko cha mwisho, saa moja asubuhi. Keshokutwa ni zahanati.

Jumapili, 18 Agosti
Saa sita mchana. Zote. Saa ishirini na tisa, na chanzo ni kimoja, nakijua. Nimeshinda. Nimemwita mke wangu aje athibitishe. Amekataa kutazama ndoo, lakini amechinja kuku.

Jumatatu, 19 Agosti
Daktari amesoma saa zangu, akachana barua aliyokuwa ameandika ya kunipeleka Kisumu. Nimerudi kwa miguu. Mvua kidogo. Mke wangu ameosha ndoo, ameipeleka kwa ndama.