Chumba cha Oksijeni Nilichokuahidi

Domitila, mdogo wangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Wewe nikuulize nini? Nianze na Gervas, mwanao, maana najua ndiye ungemuulizia kwanza. Jumanne wamemkata kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kidonda ni kisafi, anakula, na jana alikuwa anawatania wauguzi kwamba wamuuzie kiatu kimoja kwa bei pungufu. Sukari aliyoirithi kwako imeanza kushuka.

Mimi ndiye niliyesema akatwe. Nilipanda basi la asubuhi kutoka Kasulu, nikafika Kibondo, nikaingia wodini. Daktari alipomaliza kueleza nikasema, "Mkateni." Neno moja tu. Gervas akanitazama, kisha akaniuliza taratibu, "Mjomba, mbona mama hukumwambia hivyo?"

Nilitoka nje kama mtu anayetafuta maji ya kunywa. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ulilala kitanda cha tatu kutoka mlangoni, wodi ya wanawake. Ulikuwa umekanyaga kisiki cha muhindi shambani kule Mabamba, na kwa kuwa sukari ilikwisha kuua hisia za mguu, hukujua kitu hadi ulipoona damu kwenye kandambili. Daktari alitaka kuondoa vidole viwili kabla weusi wa nyama iliyokufa haujapanda. Lakini kwetu jambo kama hilo halifanywi mpaka mkubwa wa familia aseme, na baba alikuwa ameshatangulia, mumeo naye pia. Gervas akanipigia simu: "Mjomba, daktari anasubiri neno lako."

Nilitakiwa kujibu. Mimi nikafundisha.

Nilikuwa nimesoma habari za chumba cha chuma ambamo mgonjwa hulazwa, mlango ukafungwa, hewa ikashindiliwa, naye akavuta oksijeni tupu. Nikaja Kibondo, nikanunua soda ya machungwa pale getini kwa hospitali, nikaja nayo kitandani kwako. Ulicheka. "Soda kwa mgonjwa wa sukari! Mwalimu gani wewe?" Nikakuonyesha kwamba chupa ikiwa imefungwa huoni povu lolote, kwa sababu mgandamizo umeilazimisha hewa iyeyuke ndani ya maji. Nikafungua. Tsss. Povu likapanda. Nikasema ndivyo oksijeni inavyolazimishwa kuyeyuka katika damu, ikafika hata kwenye nyama ambayo mishipa yake imeziba, na kidonda kikapata nguvu ya kupona. Mama wa kitanda cha pili alijiinua kusikiliza. Lilikuwa somo zuri, Domitila. Katika miaka yangu yote chuoni sikumbuki kufundisha vizuri kuliko siku ile.

"Kwa hiyo nitaingia kwenye chupa, nitoke na vidole vyangu vyote," ukasema.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikakuambia nina mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni daktari Dar es Salaam, nitamwuliza chumba hicho kiko wapi. Daktari alipopita ukamwambia, "Tunasubiri chumba cha kaka." Akanigeukia mimi. Nikasema tumpe mwanafunzi wangu siku chache.

Sasa nikuambie usilolijua. Jibu lilikuja upesi, siku ya tatu, Alhamisi saa nne asubuhi. Lilikuwa fupi: vyumba hivyo ni vichache mno na viko mbali, tena kazi yake ni kusaidia kidonda ambacho kimeshasafishwa, nyama iliyokufa ikaondolewa. Haviponyi nyama iliyokufa. "Mwalimu, wakate leo, msisubiri."

Nililisoma nikiwa nimesharudi Kasulu, niko sokoni, nimeshika fungu la dagaa. Nikarudisha simu mfukoni. Jioni ukapiga: "Kaka, kile chumba kimefikia wapi?" Nikasema bado nafuatilia. Nilikuwa nimemwandikia daktari mwingine, nikitafuta jibu litakalofanana na somo langu. Ijumaa ukauliza. Jumamosi ukauliza. Jumatatu nilipopanda basi, weusi ulikuwa umepita kifundo cha mguu na homa imekupanda, hukunitambua vizuri. Walikukata chini ya goti. Damu ilikuwa imeshaingia sumu.

Msibani watu walisema umekufa kwa kukosa mashine ya wazungu. Waliilaani serikali, wakanipa pole kwa kuhangaika. Nilizipokea pole zile. Mwaka mzima nimezipokea.

Tangu hapo siwezi kukaa harusini. Soda zikianza kufunguliwa, tsss, tsss, meza baada ya meza, nakusikia ukiuliza kimefikia wapi. Wiki mbili zilizopita, barabara ya chuo, mama mmoja alikuwa anachechemea mbele yangu na kandambili za bluu kama zako. Nilimfuata hadi kituo cha bodaboda. Alipogeuka nikamwamkia tu, akashangaa kuamkiwa na mzee.

Ulikuwa ukinitania kwamba nikiulizwa kama mvua itanyesha leo nitaanza kueleza kutokea baharini. Wodini hukunitania hivyo. Uliniamini.

Jumamosi hii ni misa ya kumaliza mwaka wako. Wanao wote watakuwepo Mabamba, na Gervas amesema atakuja na magongo yake, daktari akimruhusu. Ule ujumbe wa mwanafunzi wangu bado uko kwenye simu yangu, sijaufuta. Baada ya chakula, kabla watu hawajatawanyika, nitasimama niusome, nitaje na siku ujumbe ulipofika, na saa. Kisha nitamjibu Gervas swali lake mbele ya wote, nikae chini. Wakiamua nisiitwe tena kusema neno katika familia hii, nitakubali. Sitaeleza kitu.

Kwaheri, Domitila. Usikisubiri tena kile chumba.

Kaka yako