Kitabu cha Ismay Ambacho Hujakifungua

Mtaa wa Oakwood,
Toronto, Kanada.
8 Machi 1987

Mpendwa Kaka Alford,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii isiyotaka kuondoka. Hujambo wewe? Shemeji Merlene anaendeleaje na mgongo wake? Nasikia upepo umeangusha migomba huko kisiwani kwetu, Georgetown, poleni sana. Sisi tu wazima, ila magoti yangu yanalalamika kila theluji inapoanguka.

Kaka, nakuandikia habari za dada yako Ismay. Najua hutaki jina hilo litajwe mezani kwako tangu kitabu chake cha kwanza kilipotoka, miaka kumi na moja sasa. Ulisema amemwanika baba yenu mbele ya wageni. Nivumilie leo tu.

Wewe ulimuaga mwaka 1964 alipoondoka kuja huku kuwa mtumishi wa ndani. Hukukiona chumba cha kufulia alichopewa alale, chini kabisa ya nyumba, wala ubao wa pasi alioufanya meza. Aliandika nyuma ya karatasi za shule za watoto wa tajiri wake. Kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alikuja kwangu akanisomea huku nikipika, nami nikasahau chungu. Mashelisheli mangapi tumekula yameungua!

Wachapishaji sita walimkatalia. Mmoja alimwandikia kwamba hadithi ni tamu, lakini wahusika waache Kiingereza cha kisiwani, wazungumze kama watu. Ismay alicheka hadi machozi.

"Hyacinth, kwani sisi tunabweka?"

Hakubadilisha hata neno. Mwishowe wanawake wawili wenye mtambo mdogo, ghorofani juu ya duka la kinyozi, wakakichapa kitabu. Leo ana vitabu vitano na tuzo, na chuo kikuu kimemwita afundishe. Wasichana wetu waliozaliwa huku humsimamisha njiani, wamwambie kwamba ndani ya vitabu vyake wamewasikia bibi zao wakiongea.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita alialikwa kusoma kitabu chake kipya maktabani, ukumbi ukafurika. Kabla hajaanza akasimama Mzee Cuthbert Providence, yule aliyefanya kazi kiwanda cha unga wa uwanga pamoja na baba yenu, Mjomba Josiah. Siku hizi anaishi huku kwa binti yake.

"We Ismay! Baba yako alikuwa na nyumba ya pili kwa mwanamke mwingine, haya, nani asiyejua? Ndiyo ukawaambie Wazungu?"

Ismay akamgeukia.

"Mzee Cuthbert, umekisoma?"

"Sijakisoma. Nimesimuliwa."

Watu wakaangua kicheko, lakini Ismay hakucheka. "Basi kaa, baba, nikusomee."

Akakiweka kando kitabu kipya, akaomba kile cha kwanza kutoka rafuni. Akasoma sura ya tisa, pale baba anaporudi mgonjwa baada ya miaka minne kwenye nyumba ya pili. Mama anachemsha maji, anamwosha miguu pale pale mlangoni. Kisha mwana wa kwanza anambeba baba mgongoni hadi kitandani. Mwana huyo ni wewe, Alford. Ulijua kwamba umo? Amekuandika kwa upendo ambao mimi sijawahi kuandikwa na mtu.

Mzee Cuthbert akavua kofia.

"Ndiye," akasema. "Ndiye Josiah mwenyewe. Endelea, mwanangu."

Tulipotoka, watu walimzunguka kwa maua na pongezi. Alishukuru mmoja mmoja, lakini ndani ya gari alilia begani kwangu, akaniuliza: "Na Alford naye atakaa nimsomee?"

Merlene ameniambia nakala yenu ingali ndani ya bahasha yake, juu ya kabati. Ifungue, kaka. Soma japo sura ya tisa, kisha kasirika ukitaka.

Ismay atatua huko tarehe kumi na nne Julai, mara ya kwanza tangu alipoondoka. Aliogopa kukata tiketi, nikamwambia wewe mwenyewe utakuwepo uwanja wa ndege kumpokea. Nilisema bila kukuuliza. Sijawahi kumdanganya, Alford, usiniache nianze sasa.

Nisalimie Merlene, Shangazi Eulalie na mapacha wa Glenroy. Mwenyezi Mungu awalinde, aulainishe na moyo wako.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata ukininunia,
Hyacinth