Kokwa Nyeusi

Jumanne, 5 Rajabu

Kunakili tangu alfajiri. Wino wa masizi umekuwa mzito, kalamu inakwaruza. Nakala ya Jibondo imekwisha. Ya Kilindoni bado, ya Chole bado. Mkono umekufa ganzi.

Mwenzangu Shali anataka niandike habari za Karatasi yetu ya Masuala tangu ilipoanza. Anasema wanafunzi wapya wa darsa wanadhani imeshuka kutoka mbinguni. Haya. Ilianza kwa ugomvi wa nazi. Nazi imeanguka, ikabingirika mpaka shamba la jirani. Ni ya nani? Tulibishana kwenye ngazi za msikiti hapa Kirongwe hata Mwalimu akatoka na kiatu mkononi. "Andikeni! Mnanitoboa masikio." Tukaandika, mimi upande mmoja, Shali upande wa pili. Watu wakaomba kusoma. Mpaka leo Mwalimu haigusi. Ni yetu wanafunzi: swali moja la sheria kila mwezi, majawabu mawili, bila majina.

Alhamisi, 7 Rajabu

Leo kura. Kokwa mbili za tende ndani ya kofia, moja imepakwa wino. Anayepata nyeusi anaandika jawabu la ukali, mwenzake anaandika la wepesi. Apende asipende. Anayerudisha kokwa haandiki tena kwenye Karatasi. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Swali limekuja na chombo kinachopeleka maji Jibondo. Mume amepotea, haijulikani yu hai au amekufa. Mkewe aolewe, au angoje?

Sikuuliza nani kaleta. Nilijua. Ni Fundi Haji, muunda majahazi wa Jibondo, anayemposa dada yangu Mwanakombo. Mume wa dada alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo wakati wa vita vya bara. Baadhi ya wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyemwona akizikwa. Miaka imepita.

Nikatia mkono kofiani. Nyeusi.

Shali alinitazama. "Rudisha, Bakari. Hapana atakayesema." Nikakataa. Ni mazoezi tu haya.

Jumatatu, 11 Rajabu

Nimeandika vizuri. Sijapata kuandika vizuri hivi. Mke wa aliyepotea ni mke, mpaka ije yakini ya kifo au talaka. Nimefunga kila mlango ambao Shali angeweza kupita. Nimefurahi, na naona haya kidogo kwa kufurahi.

Dada kaniletea uji, kanikuta nacheka peke yangu. Akauliza naandika nini. Nikamwambia mambo ya vitabuni.

Ijumaa, 15 Rajabu

Karatasi imesomwa barazani baada ya sala. Jawabu la kwanza, langu, limesifiwa sana. La pili limepita kimya. Shali kaitaja ile kauli ya zamani, kwamba mke angoje miaka minne, akae eda, kisha aolewe. Kaitaja tu. Hakuitafutia hoja. Ukurasa uliobaki kaujaza huruma.

Nikamwambia kazi yake mbovu. "Yako nzuri," akanijibu, "ndiyo inayonitia hofu." Tumeachana vibaya.

Jumatano, 20 Rajabu

Fundi Haji ameleta kitanda kutoka Jibondo. Bado kimo vipande vipande, kimefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Matendegu, miguu yake yote minne, kayachonga mwenyewe. Dada kapitisha kiganja kwenye kila tendegu, kisha akaingia ndani haraka. Mama akatabasamu, akageuza uso nisimwone.

Miaka sijamsikia dada akiimba jikoni. Leo kaimba.

Baba alikwisha kufa, kwa hiyo walii ni mimi. Bila hukumu ya kadhi siwezi kumwoza. Fundi anataka twende Chole kabla ya Ramadhani. Nimekubali. Nina hofu, na sitaki kujiuliza ni ya nini.

Jumanne, 26 Rajabu

Chole. Kadhi alitupokea vyema. Nikaeleza shida yetu tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Kisha akavuta karatasi chini ya mto wake. Niliujua mwandiko kabla hajaikunjua.

Akasoma jawabu la kwanza kwa sauti, taratibu, kwa raha. Akasema suala hili lilikuwa likimtia shaka siku zote. Sasa hana shaka. Wanafunzi wa Kirongwe wamemwondolea.

"Ni mimi niliyeliandika, Shehe," nikasema. "Ilikuwa kura. Mimi mwenyewe silitaki."

Akaiweka karatasi chini. "Sikukuuliza unalitaka. Ulichoandika ni kweli au uongo?"

Ningeweza kusema ni uongo. Fundi Haji alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiambia, sema ni uongo. Lakini kila neno lilitoka kitabuni, na Kadhi anakijua kitabu kuliko mimi.

"Ni kweli."

"Basi atangoja."

Njia nzima Fundi alitangulia mbele. Pwani alinipa mkono, akapanda chombo cha Jibondo. Mkono wake ulikuwa na vumbi la mbao bado. Najichukia.

Jumatano, 27 Rajabu

Leo Miraji. Sikwenda kusikiliza ikisomwa.

Nimemwambia dada. Yote, na kokwa pia. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuacha kukuna. Nazi ikaisha, meno ya mbuzi yakawa yanagonga kifuu kitupu, naye anaendelea. Kisha akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Sijapata kusoma kitu kirefu namna ile.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu."

Hakuwa na kejeli. Afadhali angekuwa nayo, afadhali angenitukana. Nimekwenda uani nikalia.

Jumamosi, 7 Shaabani

Shali alikwenda Chole peke yake, bila kuniambia. Alipeleka jawabu jipya la pili, refu, limejaa hoja. Nimelisoma. Ni zuri kuliko langu. Kadhi kalisifu, kasema lingefika mapema angelifikiria. Hukumu imekwisha pita.

Fundi Haji ametuma salamu na chombo cha maji. Kitanda kisirudishwe. Ni hayo tu.

Shali amekuja na kofia. Mwezi huu swali ni la mpaka wa shamba. Nikamwomba aifute ile sheria yangu, anayetaka kurudisha kokwa arudishe. Kasema wamekwisha ifuta, wote, siku ile ile niliyorudi kutoka Chole. Akaninyooshea kofia. Sikutia mkono. Akakaa nami kibarazani mpaka adhuhuri.

Alhamisi, 19 Shaabani

Nimemaliza habari za Karatasi. Ukurasa mmoja. Nazi iliyobingirika, kiatu cha Mwalimu, kura. Nilipofika kwenye swali la mke wa aliyepotea, niliandika kwamba majawabu yalikuwa mawili na la kwanza ndilo lililofuatwa. Shali kasoma, hakuongeza neno. Wanafunzi wapya watasoma, wataona ni sifa.

Baada ya alasiri dada kaniita tuunge kitanda. Kasema mama mgongo unamuuma, na mbao zikikaa chini zitaliwa na mchwa. Mimi nikashika matendegu, yeye akapitisha kamba na kuikaza. Kila kipande kiliingia mahali pake bila kugongwa. Mama amelala humo sasa hivi, anakisifu, anamwombea dua aliyekitengeneza.

Dada ametandika mkeka wake chini, kando ya kitanda. Amekaa anachambua kunde za Ramadhani. Nimemsikiliza kwa muda mrefu. Haimbi.