Propela ya shemeji

Jumapili

Halafu ananiambia nisikasirike! Mota, betri na propela ya ndege yangu ndogo ya rimoti nilivichagua mwenyewe, vikaendana. Leo uwanjani Oakdale nimesogea pembeni kuswali tu, huku nyuma shemeji Hamisi kanifungia propela kubwa zaidi.

“Kubwa ndiyo yenye nguvu, shemeji,” akajitetea baada ya ajali.

Nguvu gani? Mtu hata balbu hajawahi kubadilisha! Nami nilirudi nikairusha bila kuikagua. Mota ikazidiwa na propela ile, ikafuka moshi hukohuko juu, ndege ikaanguka puu kwenye theluji.

Nyumbani kala pilau langu huku akimweleza mke wangu, dada yake, kwamba niliuziwa mota mbovu.

Mke wangu akanigeukia: “Kwa nini hukumuuliza kaka kabla ya kununua?”